Vumbi Lisilo na Lebo: Mapafu ya Wachimbaji wa Masisi na Walikale

Kwa miaka mingi kiroba cha koltani kilichotoka kwenye vilima vya Rubaya kilikuwa na kumbukumbu nyingi kuliko kijana aliyekichimba. Kilifungwa lebo yenye namba pale mlimani, kikafungwa nyingine kwa mfanyabiashara wa madini, uzito wake ukaandikwa daftarini, na mtu aliyekaa Asia au Ulaya akaweza kufuata namba hizo kurudi nyuma mpaka kwenye chimbo. Mpango huo, unaojulikana kwa jina la iTSCi, ulishika kasi baada ya Marekani kupitisha sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010, iliyozitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao imepitia mikononi mwa makundi yenye silaha. Wakaguzi waliuliza nani ana bunduki karibu na shimo, nani anatoza kodi njiani, na kama kuna mtoto anayebeba mzigo. Ni maswali ya haki. Ila katika msururu wote huo wa namba na mihuri, kupima hewa anayovuta aliyeko ndani hakukuwa sharti la biashara.

Hewa hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame hapa, pamoja na ugonjwa ambao watu wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, wanaujua vizuri kwa jina lakini ni nadra kuuhusisha na kazi: kifua kikuu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, na makadirio ya shirika hilo ni wagonjwa wapya zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 kila mwaka. Tukiulizana sababu tutataja njaa, msongamano, virusi vya UKIMWI, vita na kuhamahama. Zote ni za kweli. Vumbi la mawe, likitajwa, huwekwa mwisho, kana kwamba ni kero tu ya kazi. Nadhani mpangilio huo una kasoro. Vumbi hilo hubadilisha pafu lenyewe, na pafu likishabadilika hubaki hivyo hata mtu akiacha shimo akarudi kulima maharage.

Tuanze na mawe, kwa sababu hayafanani. Aliye mbali husema “migodi ya Kongo” akidhani ni shimo moja. Rubaya iko Masisi, kama kilomita 60 hivi kutoka Goma, na inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali yote duniani. Koltani yake, yaani mawe ya tantali, imo ndani ya pegmatiti, mwamba wenye kwazi, feldspa na mika. Kwa mvua ya maelfu ya miaka feldspa imeoza ikawa udongo mweupe laini, kaolini, na ndiyo sababu miteremko ya Bibatama na Luwowo ina makovu meupe yanayoonekana kutoka mbali. Udongo huo hukatwa kwa sururu na beleshi, kisha husafishwa kwa maji yanayoteremshwa kwenye mifereji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni matope, na mtu akikuambia mchimbaji wa Rubaya anakufa kwa vumbi pekee, muulize kama amewahi kuona buti za watu wa huko. Vumbi huja kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, na huja ndani ya mahandaki, pale udongo unapokauka na mshipa wa kwazi usiooza unapolazimika kuvunjwa kwa tindo.

Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, ni habari nyingine. Pale kasiteriti, yaani mawe ya bati, imo katika mwamba mgumu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka barabarani Njingala, wakavuka matope na mito, mpaka kwenye mlima huo ambao kwa miaka kadhaa ulitoa sehemu kubwa ya bati la Kivu Kaskazini. Mashimo yalizama sana, ingawa kanuni za madini za Kongo zinamkataza mchimbaji wa mikono kupita mita 30. Watu walikaa humo siku kadhaa bila kutoka. Chakula kiliuzwa humo humo, sigara ziliuzwa humo humo, usingizi ulikuwa humo humo. Kazi ilikuwa nyundo na tindo kwenye jiwe kavu, huku taa ya kichwani ikionyesha ukungu wa chembe zikielea mbele ya uso. Juu, mawe yalipondwa tena ili kasiteriti iachane na takataka.

Aina ya tatu ni dhahabu, inayochimbwa sehemu nyingi za Walikale. Dhahabu ikiwa ndani ya mshipa wa kwazi, jiwe lazima lisagwe liwe unga, na kazi hiyo mara nyingi huwaangukia wanawake. Mama hukaa chini, chuma cha kutwangia kikiwa katikati ya miguu, kitambaa kimefungwa puani au hakikufungwa, mtoto akiwa mgongoni. Kila pigo hupandisha wingu dogo jeupe hadi usawa wa kifua chake. Katika kazi zote tatu, naona hii ndiyo ya hatari zaidi kwa mapafu. Nayo ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mtwangaji hahesabiwi kuwa mchimbaji.

Kwa nini nasisitiza tofauti hizi? Kwa sababu madhara ya vumbi hutegemea kiasi cha silika iliyomo, yaani kemikali inayounda kwazi, na hutegemea pia kama chembe imevunjwa sasa hivi. Silika iliyopasuka muda huu huu ina uso mkali wa kikemikali unaoshambulia seli. Iliyokaa muda mrefu ikavikwa utando wa udongo huwa imetulia kidogo. Wachunguzi wa China waliliona hilo walipowalinganisha wafinyanzi wa vigae na wachimbaji wa bati na tangsteni: kwa kiwango kilekile cha vumbi, wachimbaji waliumia zaidi, kwani silika ya wafinyanzi ilikuwa imefunikwa na udongo wa mfinyanzi. Katika kundi la wachimbaji wa bati zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa huko China, karibu theluthi moja walipata silikosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na silika. Kati ya hao, kama theluthi mbili ugonjwa ulijitokeza baada ya wao kuacha kazi yenye vumbi. Ukiyapeleka hayo Kivu, udongo wa kaolini wa Rubaya huenda unawakinga watu wake kwa kiasi fulani, ilhali mwamba wa Bisie na kwazi ya dhahabu havina huruma hiyo.

Sasa ndani ya mwili. Vumbi unaloliona kwenye mwanga wa tochi si lile la kuogopwa. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka na makohozi meupe ya jioni ambayo kila mchimbaji anayajua. Zinazofika chini kabisa, kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia damuni, ni zile zenye upana usiozidi mikroni nne hivi, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Hizo hazionekani kwa macho. Hewa inaweza kuonekana safi na bado imejaa.

Kwenye vifuko hivyo kuna askari wa zamu, seli ziitwazo makrofaji. Kazi yao ni kumeza chochote kigeni: kijidudu, moshi, chembe ya udongo. Zikishameza, hukifungia kitu hicho ndani ya kifuko chenye tindikali na vimeng’enya vya kukiyeyusha. Jiwe haliyeyuki. Silika hutoboa ukuta wa kifuko, vimeng’enya vinamwagikia ndani ya seli yenyewe, na seli hupiga kengele ya hatari kwa kutoa kemikali za uvimbe, mojawapo ikiitwa intaleukini-1. Kisha seli hufa. Inapopasuka, chembe ileile, nzima kama ilivyoingia, hulala pale chini ikisubiri seli nyingine ije kuimeza, nayo ife. Mzunguko huu hauhitaji vumbi jipya. Chembe zilizovutwa mwaka 2006 zinaendelea kuua seli leo, na kila kengele inayopigwa huita seli za kujenga makovu, mpaka pafu linajaa vinundu vigumu visivyoweza kupitisha hewa.

Hapo ndipo kifua kikuu kinapoingia. Bakteria wa kifua kikuu wanapovutwa, wa kwanza kukutana nao ni makrofaji hizo hizo. Kwa mtu mwenye afya, makrofaji ama huwaua, ama huwazungushia ukuta na kuwalaza usingizi kwa miaka mingi; ndiyo sababu wengi wenye vijidudu hivyo hawaugui kamwe. Makrofaji iliyomeza silika haina nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kifuko chake kimetoboka, kwa hiyo bakteria hawafikiwi na tindikali. Inapokufa, huwaachia huru. Makovu nayo hukata njia za damu na za limfu, na seli nyingine za kinga na dawa zikashindwa kufika vizuri pale zinapohitajika. Ukuta uliowazunguka vijidudu waliolala hulegea. Kwa hiyo vumbi hufanya mambo mawili kwa pamoja: humrahisishia mgeni kuingia, na humwamsha aliyekuwa amelala tangu utotoni.

Ukubwa wa hatari hiyo umepimwa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021, iliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ilipata kwamba mwenye silikosisi ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara nne hivi kuliko asiye nayo. Aliyevuta silika bila kupata silikosisi inayoonekana bado alikuwa na hatari inayokaribia mara mbili. Hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa Masisi na Walikale, kwani inahusu watu wengi zaidi na inawahusu vijana. Mtu hahitaji kuwa na picha mbaya ya kifua ndipo kinga yake iwe imepungua. Na kama ana virusi vya UKIMWI, hesabu hazijumlishwi, zinazidishwa: katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mwaka 2000, wachunguzi walikuta mwenye silikosisi na virusi hivyo kwa pamoja akiwa na hatari ya takriban mara 15 ya mwenzake asiye na chochote. Kambi ya wachimbaji, yenye fedha za jioni, pombe kali na wanaume waliowaacha wake zao mbali, ni mahali ambapo hesabu hiyo ina maana.

Vipi kuhusu kiwango cha vumbi? Takwimu za karibu nasi zimetoka Tanzania. Mererani, kwenye tanzanaiti, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha kwamba wakati wa kuchoronga, kulipua na kuzoa kifusi, wachimbaji walivuta silika ya wastani wa miligramu 2.4 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2015 wengine waliopima kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu walipata wastani wa 16.85 chini ya ardhi. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani ni 0.05. Kwa zamu moja mtu huvuta kama mita kumi za ujazo za hewa, hivyo kiwango hicho cha juu ni nusu miligramu kwa siku: uzito wa punje nane hivi za chumvi ya mezani. Wale wa dhahabu walikuwa wakivuta karibu miligramu 170. Mtu anaweza kusema Bisie hakukuwa na mashine za kuchoronga kwa upepo, na ni kweli. Lakini nyundo ndani ya shimo lisilo na upepo, kwa siku tatu mfululizo, huenda haiko mbali sana na huko.

Kuna jambo moja Mererani linalostahili kutajwa. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilikamilisha ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo, ili jiwe lisitoroshwe. Sina ugomvi na ukuta. Naona tu kwamba kote, Mererani na Rubaya, akili na fedha nyingi zimetumika kulinda kinachotoka shimoni. Hata hivyo Tanzania inatuzidi kwa hatua moja: hospitali ya Kibong’oto, iliyoanza mwaka 1926 kama nyumba ya wagonjwa wa kifua kikuu, iko jirani na machimbo hayo, na wataalamu wake wamekuwa wakiwapima wachimbaji kifua kikuu na silikosisi kwa pamoja. Kivu Kaskazini haina kitu cha namna hiyo.

Msomaji makini atauliza: je, si msongamano tu? Watu mia katika handaki moja wakivuta pumzi ya mwenzao, wakirudi usiku kulala kumi katika kibanda cha turubai, wakipikia kuni humo humo. Hapo kifua kikuu kinahitaji vumbi la nini? Swali ni zuri, na jibu la haki ni kwamba huwezi kuvitenganisha vitu hivyo kwa mgonjwa mmoja mmoja. Handaki huleta vumbi na huleta pumzi ya mgonjwa kwa wakati uleule. Lakini ukitazama makundi, alama ya vumbi inaonekana. Wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini waliovuta vumbi jingi waliugua zaidi kuliko wenzao wa mgodi huohuo waliovuta kidogo, na hatari iliendelea kuwafuata miaka baada ya kustaafu, walipokuwa wamekwisha rudi vijijini ambako hakuna handaki. Msongamano hauwezi kumfuata mtu nyumbani. Jiwe lililo ndani ya pafu linamfuata.

Kutenganisha huko, hata kama kitandani hakubadilishi kitu, mbele ya sheria kunabadilisha kila kitu. Kifua kikuu cha umaskini ni bahati mbaya ya mtu; kifua kikuu cha vumbi ni ugonjwa wa kazi, na ugonjwa wa kazi una mdaiwa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2016 kuhusu hifadhi ya jamii inatambua magonjwa ya kazi na kuukabidhi mfuko wa CNSS jukumu la kuwalipa walioumia. Ila mfuko huo unamhusu aliyeajiriwa na kuchangiwa. Mchimbaji wa Rubaya hana mwajiri. Ana PDG, kama wanavyomwita mwenye shimo, ambaye humgawia sehemu ya mzigo. Ana chama cha ushirika kwenye karatasi, kama sheria ya madini inavyotaka. Kisheria ana SAEMAPE, idara ya serikali ya kuwasimamia wachimbaji wadogo. Akianza kukohoa, hakuna hata mmoja kati ya hao anayehesabika kuwa amemuumiza. Afrika Kusini ilichukua zaidi ya karne moja, tangu malalamiko ya kwanza ya Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1900, kufika kwenye suluhu ya mwaka 2018 ambapo kampuni za dhahabu zilikubali kutenga randi bilioni tano hivi kwa wachimbaji na wajane. Na hao walikuwa na mikataba, namba za kazi na picha za kifua zilizotunzwa kabatini. Wa Bisie hawana hata jina kwenye daftari.

Turudi kwa mgonjwa mwenyewe. Kijana wa Masisi anayekohoa miezi miwili, anayepungua uzito na kutokwa jasho usiku, mara nyingi haanzi hospitali. Kivu kuna imani yenye nguvu katika karuho, sumu ya polepole ambayo jirani mwenye husuda humtilia mtu katika kinywaji, na dalili zake kama zinavyosimuliwa ni kukohoa na kukonda. Kwa mchimbaji aliyepata mzigo mzuri juzi na kuonekana na simu mpya, maelezo hayo yanaingia akilini kuliko habari za mikroni nne. Huenda kwa mganga, hutapishwa, hulipa. Wengine hunywa maziwa, ambayo Masisi hayakosekani, kwa imani iliyoenea Afrika Mashariki yote kwamba husafisha vumbi kifuani. Maziwa hupita njia ya chakula, pafu haliyaoni. Hayana ubaya, ila humpa mtu ujasiri wa kurudi shimoni bila sababu.

Akifika hatimaye kwenye kituo cha kupima na kutibu kifua kikuu, wanachokiita CSDT, tatizo jingine linamsubiri. Silikosisi na kifua kikuu hupenda sehemu ileile ya pafu, juu, na kwenye picha vinundu vya kimoja vinaweza kufanana na vya kingine. Kituo chenye mashine ya eksirei ni wachache watakaokifikia. Wengi hupimwa makohozi tu. Makohozi yakiwa safi, muuguzi ana njia mbili, zote mbovu: kumpa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha mtu ambaye ana makovu ya mawe, au kumrudisha nyumbani mtu ambaye ana vijidudu vilivyofungiwa ndani ya makovu. Wapo wanaomaliza matibabu ya miezi sita mara mbili na mara tatu, kikohozi kikibaki palepale, wakaandikwa kuwa dawa zimeshindwa kufanya kazi.

Hata aliyepimwa sawasawa hatibiki kwa urahisi. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 1991 uliwapa wagonjwa wenye silikosisi na kifua kikuu matibabu ya miezi sita au minane. Katika miaka mitatu iliyofuata, ugonjwa uliwarudia asilimia 22 ya wa miezi sita, na asilimia saba ya wa miezi minane. Miezi miwili tu ya ziada. Lakini ili muuguzi aongeze miezi hiyo ni lazima ajue kwamba aliye mbele yake alivunja mawe. Nayo miezi sita yenyewe ni mirefu kwa mtu wa shimo: habari zikisambaa kwamba kilima fulani kimetoa, kambi nzima huhama usiku mmoja, na kadi ya matibabu hubaki kwenye kibanda.

Afrika Kusini ilijaribu njia ya mkato. Katika jaribio kubwa lililoitwa Thibela TB, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, wachimbaji karibu 24,000 walianzishiwa isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, mgodi mzima kwa wakati mmoja, wakiwemo wazima. Wakati wa kumeza dawa, kinga ilikuwepo. Walipoacha, ikayeyuka upesi, na mwishowe migodi iliyopata dawa haikutofautiana na ambayo haikupata. Kwangu mimi hilo ni jibu tosha kwa wanaodhani sanduku la vidonge litafanya kazi ya maji na hewa.

Maji ndiyo dawa ya zamani kuliko zote, na Masisi inayo. Kulowesha jiwe kabla ya kulipiga na wakati wa kulitwanga hushusha vumbi laini kwa kiasi kikubwa. Johannesburg walilijua hilo kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kwa mama mtwangaji ni kikombe cha maji ndani ya chuma chake. Lipo pingamizi la kweli: unga ulioloa hutwangika polepole, na mtwangaji hulipwa kwa kipimo. Kwa hiyo ukimwambia aloweshe bila kugusa malipo yake, unamwambia apunguze chakula cha watoto. Mwenye jiwe ndiye anayepaswa kubeba tofauti hiyo, na ushirika ungeweza kuiandika kwenye masharti yake kama ungetaka. Barakoa za kitambaa, ambazo miradi hupenda kuzigawa na kuzipiga picha, hazizuii chembe za mikroni nne. Zile za kuzuia zipo, lakini lazima zibane uso sawasawa na kubadilishwa mara kwa mara, na hakuna anayezivumilia saa nane katika joto la handaki. Zina nafasi yake, ila ni ya mwisho.

Vita vimefanya nini katika haya yote? Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya huko. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, mwezi uleule ambao misaada ya Marekani, iliyokuwa ikibeba sehemu ya gharama za kifua kikuu, ilisimamishwa. Machi mwaka huohuo mapigano yalifika Walikale mjini, na kampuni ya Alphamin, inayochimba bati kwa mashine Bisie tangu 2019, ikasimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mwishoni mwa Januari 2026 ardhi iliporomoka Rubaya, na msemaji wa utawala wa M23 huko alitaja vifo zaidi ya 200. Dunia ilisikia. Maporomoko yana siku na saa. Vumbi halina, na aliyefukiwa na vumbi hufia kitandani kwao, miaka kumi na tano baadaye, akiwa amesahaulika na kiroba alichokibeba.

Miaka hiyo kumi na tano inanifikisha kwa watu ambao ningeanza nao. Waliovunja mwamba wa Bisie kwa nyundo kati ya 2002 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 wengi wao sasa wana miaka arobaini na kitu. Silikosisi ya kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujionyesha, kwa hiyo msimu wao ni huu. Kampuni haiwafahamu, ushirika hauwaandiki, na wengi hawachimbi tena: wako Njingala, Mubi, Walikale mjini, Masisi, wengine Goma wanaendesha pikipiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba waliovuta silika kazini, walio kazini na walioacha, wachunguzwe kifua kikuu kwa mpango bila kusubiri waje wenyewe wakikohoa damu. Hilo linahitaji mashine na fedha ambazo leo hazipo. Safu moja ya ziada kwenye daftari la CSDT inahitaji rula na kalamu: umewahi kuchimba au kutwanga, wapi, kwa miaka mingapi. Jibu hilo pekee lingemwambia muuguzi wa Kibua au Pinga nani aongezewe miezi miwili ya dawa, nani apelekwe eksirei kabla ya kuanzishiwa matibabu ya tatu, na mke wa nani aulizwe kama naye alikuwa akitwanga.